Ngojeni Mwaka Ujao: Brooklyn, Redio na Timu Iliyohama

Mwaka 1934 klabu tatu za besiboli za New York, yaani Yankees, Giants na Dodgers, zilikubaliana kwamba kwa miaka 5 mechi zao zisitangazwe redioni. Hofu yao ilikuwa ya kibiashara: mtu akiweza kuusikia mchezo bure akiwa jikoni kwake, tiketi atainunua ya nini? Miji mingine ilikuwa imeshavuka woga huo. Mchezo wa kwanza wa ligi kuu kusikika hewani ulirushwa na kituo cha KDKA cha Pittsburgh tarehe 5 Agosti 1921, mtangazaji akiwa Harold Arlin, na siku hiyo Pirates wakawashinda Phillies 8-5. Chicago nako mwenye Cubs, William Wrigley, alikuwa amewafungulia watangazaji milango na hakuona uwanja wake ukikimbiwa. New York ikabaki kimya.

Ukimya huo uliwaumiza zaidi watu wa Brooklyn. Hadi mwaka 1898 Brooklyn ulikuwa mji unaojitegemea, wenye meya wake na fahari yake. Kisha ukaunganishwa na New York, na tangu hapo ukawa upande wa pili wa daraja, mahali pa kuwatania watu. Timu ya Dodgers ilikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyoendelea kulibeba jina la Brooklyn nchi nzima. Uwanja wake, Ebbets Field, uliofunguliwa 1913, ulikuwa mdogo na umebanwa na mitaa, kiasi kwamba shabiki aliyekaa mbele alimsikia mchezaji akinung'unika. Alikuwako mama mmoja, Hilda Chester, aliyekuja na kengele ya ng'ombe na kuipiga mchezo mzima. Chini ya ubao wa matokeo kulikuwa na tangazo la fundi cherehani Abe Stark: mpigaji atakayeligonga tangazo hilo kwa mpira atapewa suti bure. Tangazo lilimpa Stark jina kubwa, na miaka ya 1960 akawa kiongozi mkuu wa Brooklyn nzima.

Mapenzi yalikuwepo, ila fedha hazikuwepo. Klabu ilizama katika madeni, na mwaka 1938 wenye benki wakamleta Larry MacPhail, aliyewahi kuiongoza klabu ya Cincinnati, aje kuiokoa. MacPhail alikuwa mtu wa makelele na wa kuthubutu. Yeye ndiye aliyewasha taa na kuchezesha mechi ya kwanza ya usiku ya ligi kuu, Cincinnati, Mei 1935. Mkataba wa kunyima redio hakuujali hata kidogo. Alitangaza kwamba msimu wa 1939 mechi za Dodgers zitasikika, na akamwita mtangazaji wake wa Cincinnati, Walter Barber, ambaye kwa nywele zake nyekundu alijulikana kama Red. Yankees na Giants hawakuwa na la kufanya ila kumfuata.

Hapa inafaa kueleza mchezo wenyewe kidogo, kwa sababu bila hivyo nguvu ya redio haieleweki. Katika besiboli kila timu hupata zamu 9 za kupiga. Mtupaji hurusha mpira, mpigaji huukabili kwa gongo. Akiupiga hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi alikoanzia timu yake imepata mkimbio mmoja. Wakishatolewa wapigaji watatu, timu zinabadilishana. Hakuna saa inayomaliza mchezo. Kati ya mrusho mmoja na mwingine kuna nafasi, na nafasi hizo zikijumlishwa ni ndefu kuliko mchezo wenyewe. Humo ndimo mtangazaji anamofanya kazi yake: kueleza upepo unavumia wapi, mtupaji amekunja uso vipi, kijana huyu katoka kijiji gani. Tena siku hizo msimu ulikuwa wa mechi 154, karibu kila siku kuanzia Aprili hadi Septemba. Sauti ya mtangazaji ilikaa nyumbani kwa watu miezi sita kwa mwaka.

Barber alizaliwa Mississippi mwaka 1908 na kukulia Florida, na alizungumza taratibu kwa lafudhi ya Kusini. Ungedhani watu wa Brooklyn, wenye maneno ya haraka, wangemcheka. Badala yake walizikusanya semi zake za shamba na kuzitumia wenyewe. Ugomvi uwanjani ukaitwa kwa jina la mboga aliloleta yeye, na Wamarekani wengi wamelitumia bila kujua lilipita mdomoni mwa nani. Mezani kwake aliweka kichupa cha mchanga cha kupimia dakika 3 za kuchemsha yai. Kila mchanga ukiisha alitaja matokeo, kisha akakigeuza, kwa sababu alijua kwamba kila dakika kuna mtu anayewasha redio na hajui nani anaongoza. Timu ikicheza ugenini, klabu nyingi hazikuwapeleka watangazaji. Walikaa studio wakipokea habari kwa telegrafu na kuutunga upya mchezo, wengine wakitia makofi ya bandia na mlio wa gongo. Barber alikataa hila hiyo. Aliacha mashine ya telegrafu isikike ikigonga karibu na kipaza sauti, ili msikilizaji ajue anasimuliwa na mtu asiyekuwepo uwanjani.

Kwangu mimi jambo hilo la telegrafu ndilo kiini cha habari hii yote. Mashabiki wa Brooklyn walikuwa na ushabiki wa kutosha wao wenyewe; hawakuhitaji mtu wa kuwaongezea. Walichokosa ni mtu wa kumwamini. Mwaka 1935, kabla ya fainali kuu ya besiboli, World Series, jaji Landis aliyekuwa mkuu wa mchezo huo aliwaita watangazaji na kuwaambia waripoti wanachokiona, basi. Barber aliyashika maneno hayo maisha yake yote. Hakushangilia, hakulalamika kwa mwamuzi, na mpinzani akicheza vizuri alisifiwa. Mtu aliweza kutembea mitaa kadhaa ya Brooklyn wakati wa mchana wa kiangazi bila kukosa mrusho hata mmoja, kwa kuwa sauti ile ile ilitoka dirishani, kwa kinyozi, na kwenye gari lililosimama. Mechi nyingi zikichezwa mchana, akina mama waliokuwa majumbani wakajifunza mchezo kwa sikio, na jioni wakabishana na waume zao wakiwa na hoja.

Mada ya mabishano haikukosekana. Mwaka 1941 Dodgers walifika World Series dhidi ya Yankees, mara yao ya kwanza tangu 1920. Tarehe 5 Oktoba, mchezo wa 4, Dodgers walikuwa mbele 4-3, zamu ya 9, Yankees wawili wameshatolewa. Tommy Henrich akakosa mpira kwa mara ya tatu. Kwa kawaida hapo mchezo umekwisha. Lakini sheria inasema mdakaji asipoushika mpira huo wa tatu, mpigaji anaruhusiwa kukimbilia kituo cha kwanza. Mpira ukamponyoka mdakaji Mickey Owen ukabingirika hadi ukutani. Henrich akakimbia. Waliomfuata wakapiga mmoja baada ya mwingine, na Yankees wakashinda 7-4. Kesho yake walimaliza kazi.

Ndipo kauli ya Brooklyn ikapata uzito wake: ngojeni mwaka ujao. Mwanzoni ilikuwa kauli ya kujifariji, lakini walipofungwa tena na Yankees 1947, tena 1949, tena 1952 na tena 1953, ikawa kama salamu ya majirani. Waswahili husema subira huvuta heri, na pia husema ngojangoja huumiza matumbo. Brooklyn waliishi katikati ya methali hizo mbili. Kila Oktoba hesabu ilianza upya barazani: mtupaji gani ataongezeka, goti la nani litakuwa limepona, kijana gani analelewa kwenye timu ndogo za Montreal au Fort Worth.

Katikati ya ngoja hiyo likaja jambo kubwa kuliko ubingwa. Machi 1945 Branch Rickey, aliyemrithi MacPhail, alimkaribisha Barber chakula cha mchana na kumwambia siri ambayo wajumbe wa bodi na familia yake pekee ndio walioijua: anakusudia kuleta mchezaji mweusi Brooklyn. Barber, mtoto wa Kusini wa enzi zile, alirudi nyumbani akamwambia mkewe Lylah kwamba ataacha kazi. Mkewe akamsihi asiamue usiku huo. Barber alisimulia baadaye jinsi alivyojihoji: hakuchagua wazazi, hakuchagua rangi, hakuchagua mahali pa kuzaliwa, basi anajivunia nini? Akayakumbuka maneno ya Landis. Kazi yake ni kusema kinachotokea uwanjani.

Jackie Robinson alipoingia kituo cha kwanza Ebbets Field tarehe 15 Aprili 1947, Barber alimtangaza kama anavyotangaza mchezaji yeyote: kapiga, kakimbia, kaiba kituo. Uamuzi huo unaweza kuonekana mdogo kwa mtu wa leo. Lakini fikiria mamilioni ya wasikilizaji, wengi wao hawajawahi kukaa meza moja na mtu mweusi, wakimsikia kila siku kwa sauti ya Kusini iliyotulia, bila kejeli na bila mbwembwe. Robinson alibeba matusi, barua za vitisho na viatu vyenye njumu vilivyolengwa miguuni mwake. Mzigo ulikuwa wake, na hakuna wa kuugawana naye. Hata hivyo sauti ile ilikataa kuongeza hata kijiti juu ya mzigo huo.

Oktoba ya mwaka huo huo, World Series ikiwa mchezo wa 4, Bill Bevens wa Yankees alifika zamu ya 9 bila Dodgers hata mmoja kumpiga mpira wa kufika kituoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika fainali. Mwiko wa besiboli ni kwamba jambo hilo halitajwi likiwa bado linaendelea, lisije likaharibika. Mel Allen wa Yankees, aliyetangaza nusu ya kwanza, aliutunza mwiko. Barber alipopokea kipaza sauti alilitaja mara moja. Msikilizaji ana haki ya kujua. Wawili walikuwa wameshatolewa, Dodgers wawili wako vituoni, mmoja kwa sababu Bevens alikosea shabaha na mwingine kwa kupewa kituo makusudi, wakati Cookie Lavagetto alipoupeleka mpira ukutani upande wa kulia. Mikimbio miwili, Brooklyn 3-2. Wapo mashabiki wa Yankees waliomlaumu mtangazaji kwa kumloga mtupaji wao.

Kipigo cha 1951 hakikutoka kwa Yankees. Kilitoka kwa Giants, majirani wa kuchukiwa zaidi, pale Bobby Thomson alipompiga Ralph Branca mpira uliovuka ukuta tarehe 3 Oktoba na kuwanyang'anya Dodgers ligi dakika ya mwisho. Tangazo la Russ Hodges la tukio hilo, akirudia kwa kelele kwamba Giants wametwaa ligi, limekuwa miongoni mwa yaliyo maarufu zaidi Marekani, nasi tunalisikia leo kwa sababu tu shabiki mmoja wa Giants aliyeishi Brooklyn alikuwa kazini na alimwomba mama yake airekodi redio nyumbani. Vituo vya redio vyenyewe havikuwa na mazoea ya kuhifadhi.

Wakati huo pembeni ya Barber alikuwa amekaa kijana mwenye nywele nyekundu kama yeye. Vin Scully alizaliwa Bronx mwaka 1927. Utotoni alitambaa chini ya redio kubwa ya sebuleni, yenye miguu, akalala pale na mto ili kelele za umati ziteremke juu yake; kilichomvuta, alisema, kilikuwa kelele hizo hata kabla ya mchezo. Novemba 1949 Barber alikosa mtu wa kutangaza mechi ya kandanda ya Kimarekani Boston, akamtuma kijana huyo, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Fordham. Scully alidhani atakaa chumbani, akaacha koti hotelini. Akajikuta juu ya paa la uwanja wa Fenway Park kwenye baridi, kashika kipaza sauti chenye waya mrefu, akitembea ili aione mechi. Alitangaza hadi mwisho na hakulalamika. Barber alipojua ukweli kutoka kwa watu wengine, aliona amepata mtu. Mwaka 1950 Scully akaingia Brooklyn.

Barber alimlea kwa ukali. Uje mapema. Usinywe bia chumba cha waandishi. Usiwasikilize watangazaji wengine, maana utaichanganya sauti yako na maji. Mwishoni mwa 1953 Barber akagombana na wadhamini wa World Series juu ya malipo, mwenye timu Walter O'Malley hakumtetea, naye akahamia Yankees. Scully akaitangaza fainali hiyo kwenye televisheni akiwa na miaka 25.

Msimu wa 1955 ulianza kwa namna iliyowatisha mashabiki wenyewe. Dodgers walishinda mechi 10 za kwanza mfululizo, na katika 24 za mwanzo walishinda 22. Watu waliokwishaumizwa mara tano na Yankees hawashangilii mwezi Aprili. Mabishano yalikuwa kama nguvu hizi zitabaki hadi Oktoba, kwa sababu Robinson alikuwa na miaka 36 na Pee Wee Reese 37, na kila mtu aliona kwamba mlango unafungwa. Fainali ikawa na Yankees, bila shaka. Dodgers wakapoteza mbili za kwanza. Wakashinda tatu Ebbets Field. Wakapoteza ya 6. Tarehe 4 Oktoba, mchezo wa 7, uwanjani kwa Yankees, wakampa mpira Johnny Podres, aliyekuwa ametimiza miaka 23 siku chache tu nyuma.

Gil Hodges alileta mikimbio yote miwili, na Brooklyn wakawa mbele 2-0. Zamu ya 6 kocha Walter Alston akafanya badiliko dogo: Jim Gilliam kutoka upande wa kushoto wa uwanja aende kituo cha pili, na nafasi yake ichukuliwe na Sandy Amorós, Mcuba mfupi mwenye mbio, aliyetupa kwa mkono wa kushoto na hivyo alivaa glavu mkono wa kulia. Muda si muda Yankees wakawa na watu wawili vituoni na hakuna aliyetolewa. Akaja Yogi Berra, ambaye kawaida yake ilikuwa kupeleka mpira kulia, kwa hiyo Amorós alikuwa amesogea mbali na pembe yake. Berra akaupiga juu, kushoto kabisa, karibu na mstari. Amorós akatoka mbio ndefu, akanyoosha mkono wa kulia hatua chache kutoka ukutani, na mpira ukatua ndani ya glavu. Gilliam, mwenye glavu mkono wa kushoto, angelazimika kuupinda mwili, na mpira ungempita. Amorós hakusita, akamrushia Reese, Reese akarusha kituo cha kwanza kwa Hodges, na Gil McDougald aliyekuwa ameshakimbia akakutwa njiani. Watu wawili wakatolewa kwa mpira mmoja.

Podres hakuruhusu mkimbio hata mmoja. Mpira wa mwisho Elston Howard aliupiga chini kwa Reese, mzee wa timu, aliyekuwepo katika vipigo vyote vitano. Scully, kwenye televisheni, alisema sentensi moja tu: kwamba Dodgers wa Brooklyn ni mabingwa wa dunia. Kisha akanyamaza. Watu walimuuliza miaka mingi aliwezaje kutulia vile. Alijibu kwamba lau angeongeza neno moja angelia.

Usiku ule Brooklyn hakulala mtu. Magari yalipita yakipiga honi na kuburuta makopo, sanamu za wachezaji wa Yankees zilining'inizwa kwenye nguzo za taa, na umati ukajaa nje ya Hotel Bossert ambako timu ilisherehekea. Miaka mingi ya ngoja ilikuwa imelipwa. Mashabiki wa Brooklyn hawakujua kwamba huo ungekuwa ubingwa wao wa kwanza na wa mwisho.

O'Malley alitaka uwanja mpya pale Atlantic na Flatbush, penye treni. Robert Moses, mtu aliyeshika ujenzi wote wa New York, alikataa kumpatia ardhi hiyo na kumwonyesha Queens. Watu wanabishana hadi leo nani mwenye kosa kubwa zaidi. Binafsi naona Moses alikosea, lakini aliyesaini kuondoka ni O'Malley, na timu yake ilikuwa inatengeneza faida wakati anasaini. Mchezo wa mwisho Ebbets Field ulikuwa tarehe 24 Septemba 1957, mbele ya watu 6,702. Oktoba ikatangazwa kwamba Dodgers wanakwenda Los Angeles. Giants nao walikuwa wameshaamua kwenda San Francisco. Mwaka 1960 Ebbets Field ulibomolewa kwa tufe la chuma lililopakwa rangi lifanane na mpira wa besiboli. Walipoanzishwa Mets, timu mpya ya New York, mwaka 1962, walivaa buluu ya Dodgers na rangi ya chungwa ya Giants, ila yatima wengi hawakutulia kwa hilo.

Los Angeles ilikuwa mji wa watu waliohamia kutoka kwingine, uliotandaa kwa maili nyingi, usio na kitovu. Dodgers walianza pale Aprili 1958 katika Coliseum, uwanja wa Olimpiki ya 1932, mbele ya watu 78,672. Haukufaa kwa besiboli. Ukuta wa kushoto ulikuwa mita 76 tu kutoka kwa mpigaji, ikabidi usimamishwe wavu wa zaidi ya mita 12 kuziba ufupi huo, na upande mwingine shabiki alikaa zaidi ya mita 200 kutoka mahali pa kupiga, akiwaona wachezaji kama sisimizi. Basi watu wakaja na redio ndogo za transista, zilizoanza kuuzwa miaka michache nyuma, ili Scully awaambie wanachokitazama. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba sauti yake ilitanda uwanja mzima. Wachezaji waliisikia wakiwa kazini, na yeye mwenyewe akajisikia akirudi.

Siku moja mwaka 1960, mchezo ukiwa umepoa, Scully aligundua kwamba ni siku ya kuzaliwa ya mwamuzi Frank Secory. Akawaambia wasikilizaji: nikihesabu hadi tatu, mtakieni heri. Akahesabu, na uwanja mzima ukamwitia mwamuzi heri kwa pamoja. Secory akageuka huku na huko asijue sauti zimetoka wapi. Mji ambao miaka miwili nyuma haukuijua timu hii ulikuwa umekuwa umati mmoja. O'Malley alichangia bila hisani yoyote: aliruhusu televisheni ya Los Angeles ionyeshe mechi za ugenini San Francisco tu, kwa hiyo aliyetaka Dodgers alihitaji tiketi au Scully.

Kulikuwa na sauti ya pili. Jaime Jarrín, aliyetoka Ecuador mwaka 1955 bila kuujua mchezo huu, alianza kuwatangaza Dodgers kwa Kihispania mwaka 1959. Miaka 6 ya kwanza hakusafiri na timu. Alikaa studio KWKW, akamsikiliza Scully sikioni na kusimulia papo hapo kwa Kihispania. Kazi yake ilikuwa na uchungu ndani yake. Uwanja mpya uliofunguliwa 1962 ulijengwa Chavez Ravine, mahali ambapo familia nyingi zenye asili ya Mexico ziliondolewa kwa ahadi ya nyumba za umma ambazo hazikujengwa, na za mwisho zikatolewa kwa nguvu Mei 1959. Wengi waliapa kutokanyaga pale. Kwa miaka 20 Jarrín alizungumza na watu hao. Mwaka 1981 akatokea Fernando Valenzuela, kijana wa miaka 20 kutoka Etchohuaquila, kijiji cha Sonora, akashinda mechi zake 8 za kwanza, na Jarrín akawa mkalimani wake mbele ya waandishi. Viti vikajaa watu wanaozungumza Kihispania, na havijawahi kuwa vitupu tena. Sifa za jambo hilo hupewa mkono wa Valenzuela, na ni haki. Lakini ardhi ilikuwa imeshalimwa.

Scully alitangaza kwa misimu 67. Tarehe 9 Septemba 1965, mtupaji Sandy Koufax akiwa karibu kumaliza mchezo bila mtu wa Cubs hata mmoja kufika kituoni, Scully alitaja tarehe na saa tena na tena, ili Koufax akipewa kanda apate kumbukumbu kamili. Na saa 3:46 usiku alipomtoa wa 27, mtangazaji akaacha umati useme kwa sekunde 38. Miaka ya mwisho ilikuwa na aibu ambayo klabu haiwezi kuifuta. Mwaka 2014 ulianza kutumika mkataba wa dola bilioni 8.35 ambao Dodgers waliuzia haki zao za televisheni, kampuni za kebo zikashindwa kuelewana bei, na nyumba nyingi za Los Angeles hazikumwona Scully kwa misimu yake mitatu ya mwisho, isipokuwa mechi chache za kuaga zilizoruhusiwa kwenye kituo cha bure. Mgogoro ulikwisha 2020, miaka minne baada ya yeye kustaafu. Wenye timu walikuwa wamesahau kwamba MacPhail alishauthibitisha ujinga wa kunyima sauti mwaka 1939.

Scully alifariki tarehe 2 Agosti 2022, na Jarrín akastaafu mwishoni mwa msimu huo huo. Oktoba 2024 Dodgers na Yankees walikutana tena fainali. Mchezo wa kwanza, zamu ya 10, Freddie Freeman mwenye kifundo kibovu akaupiga mpira nje vituo vyote vikiwa vimejaa, na mtangazaji Joe Davis akalitaja jina la Kirk Gibson, aliyefanya jambo kama hilo mwaka 1988 pale pale, akiwa naye mgonjwa wa miguu, Scully akitangaza. Mashabiki walibishana kuhusu maneno ya Davis sawasawa na walivyobishana kuhusu pigo lenyewe: kama ni heshima kwa mzee au ni kumwiga. Dodgers walishinda fainali kwa michezo mitano. Hata kabla ya maandamano ya ubingwa ya tarehe 1 Novemba mjadala ulikuwa umeshahama. Shohei Ohtani, mpigaji wao ambaye pia ni mtupaji, alikuwa ameumia bega, na mkono wake wa kurushia, uliofanyiwa upasuaji 2023, haukuwa umerusha mpira hata mmoja katika mechi za msimu mzima. Watu walitaka kujua lini atarudi kutupa mpira. Alirudi Juni 2025, na Novemba ya mwaka huo Dodgers wakatwaa ubingwa wa pili mfululizo kule Toronto, mchezo wa 7, zamu ya 11.